Mcheza Kabumbu Hafunzwi kwa Kuchoshwa

Alfajiri, kabla umande haujakauka, kipyenga hulia katika viwanja vya kambi nyingi za askari. Wachezaji hujipanga safu mbili na kuanza kuuzunguka uwanja: mzunguko wa kwanza, wa tano, wa kumi na tano. Anayebaki nyuma huongezewa mizunguko miwili ya adhabu. Jua linapochomoza wote wamelowa jasho, mmoja au wawili wanatapika, naye mwalimu huridhika kwamba kazi imefanyika. Jumapili inapofika, timu hiyo hukimbia dakika zote 90 bila kuishiwa pumzi. Lakini kila mpira unaopigwa nyuma ya walinzi wake hufikiwa kwanza na mpinzani, kila mpira wa juu huchukuliwa na kichwa cha mwingine, na katika kipindi cha pili mshambuliaji wake mmoja hushika nyuma ya paja na kuanguka chini.

Jambo kama hilo likitokea hulaumiwa bahati, au kiwanja, au mchezaji mwenyewe. Mazoezi hulaumiwa mara chache, ingawa mara nyingi ndiyo yenye kosa. Kuruta hukimbizwa masafa marefu kwa sababu kazi yake itamdai kwenda mwendo mrefu akiwa amebeba mzigo. Mcheza kabumbu hudaiwa kitu kingine, na hapana budi afunzwe kingine. Tena askari anayecheza mpira ana sababu kubwa zaidi ya kuitunza miguu yake: miguu ile ile inayofunga bao Jumapili ndiyo inayosimama lindo Jumatatu, na kuna watoto nyumbani wanaokula kwa kazi hiyo.

DAKIKA 90 ZINADAI NINI

Katika mechi ya daraja la juu mchezaji huenda kilometa 10 hadi 12. Kwa kusikia hesabu hiyo, mtu anaweza kudhani kwamba mwalimu wa mizunguko anayo haki. Lakini sehemu kubwa ya mwendo huo ni kutembea na kukimbia polepole. Mbio za kasi kamili huja mara moja katika kila sekunde 90 hivi, na kila moja huchukua sekunde 2 hadi 4 tu. Ni meta 10, 15 au 20, kisha imekwisha.

Hata hivyo, mbio hizo chache ndizo zinazoamua mchezo. Wataalamu wa Ujerumani walichunguza mabao 360 yaliyofungwa katika ligi kuu ya nchi yao katika nusu ya pili ya msimu wa 2007/08. Waliona kwamba katika mabao 83 kwa kila 100, mfungaji au aliyempa pasi alikuwa ametoka kufanya kitendo kimoja cha nguvu: kuchomoka mbio, kuruka, au kugeuka ghafla. Kwa mfungaji, kitendo kilichoonekana zaidi ya vyote kilikuwa kuchomoka mbio moja kwa moja, mabao 45 kwa kila 100. Kuruka kulifuata.

Hakuna asemaye kwamba pumzi haina kazi. Mchezaji asiye na pumzi hafiki mahali pa tukio. Lakini pumzi hiyo yaweza kujengwa kwa michezo midogo ya mpira, wachezaji wanne kwa wanne katika uwanja mfinyu, bila kuuzunguka uwanja mara ishirini. Kasi haipatikani kwa njia ya kuchoshwa. Mwili hujifunza kile unachofanyishwa. Anayekimbizwa akiwa amechoka hujifunza kukimbia polepole.

MFANO ULIOTOKA KATIKA POLISI

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Tarehe 2 Septemba 1972, katika michezo ya Olimpiki mjini Munich, askari polisi wa Uganda, John Akii-Bua, alishinda mbio za meta 400 za kuruka viunzi kwa sekunde 47.82. Alikimbia katika njia ya kwanza, ya ndani kabisa, yenye kona kali kuliko zote. Na hakuna mtu kabla yake aliyekuwa ameteremka chini ya sekunde 48 katika mbio hizo. Nyuma yake walibaki Ralph Mann wa Marekani na David Hemery wa Uingereza, ambaye alikuwa bingwa wa Olimpiki ya 1968.

Akii-Bua, aliyefariki mwaka 1997, alifunzwa na Mwingereza Malcolm Arnold, na mazoezi yake yalikuwa magumu. Mojawapo lilikuwa kuruka viunzi vilivyoinuliwa kupita kimo cha mashindano, akiwa amevaa fulana yenye vipande vya risasi vya uzito wa kilo 11 hivi. Lakini zoezi hilo lilikuwa na shabaha yake, ambayo ni kumpa nguvu ya kuvuka viunzi vya mwisho, pale ambapo miguu ya wengine huwa mizito. Mcheza kabumbu hana haja ya kuiga fulana ile. Mbio zake ni za meta 15, si 400. Anachopaswa kuiga ni desturi ya kuuliza, kabla ya kila zoezi, litamsaidia nini siku ya mashindano.

MBIO FUPI

Mazoezi ya kasi hufanywa mchezaji akiwa mbichi, mara tu baada ya kupasha mwili moto na kabla ya kugusa mpira. Masafa yawe meta 10 hadi 30. Baada ya kila mbio apumzike kwa kutembea, kwa kadiri ya dakika moja kwa kila meta 10 alizokimbia. Jumla ya mbio za siku moja isizidi meta 300 au 400, nazo zifanywe mara mbili kwa juma.

Mwalimu aliyezoea kuona jasho ataona kwamba wachezaji wanasimama tu. Mapumziko hayo ndiyo yanayoifanya mbio ifuatayo iwe ya kasi kamili. Njia ya kujua mwisho wa zoezi ni saa: mchezaji aliyekuwa akimaliza meta 30 kwa sekunde 4.3 akianza kumaliza kwa 4.6, zoezi la siku hiyo limekwisha kwake, na kumwongezea ni kumharibia.

Kwa kuwa mpira haumngoji mtu ajiandae, wachezaji waanze mbio kwa namna mbalimbali: wakiwa wamelala kifudifudi, wameketi, wamegeuka nyuma, au wawili wawili wakiufuata mpira mmoja unaoviringishwa mbele yao. Penye mteremko, wapande mbio kwa meta 15 au 20 na kushuka kwa kutembea. Mlima hufundisha kusukuma ardhi kwa nguvu, wala hautozi ada.

MIRUKO

Mrusi Yuri Verkhoshansky, mwalimu wa wanariadha wa kuruka katika Urusi ya Kisovyeti, ndiye aliyeeneza miaka ya 1960 zoezi la kushuka kutoka juu ya kitu na kuruka papo hapo baada ya kugusa chini. Aligundua kwamba msuli unaonyooshwa ghafla na kurudi bila kukawia hutoa nguvu kubwa kuliko msuli ulioanza kutoka katika utulivu. Mlinzi anayepiga hatua mbili na kuupanda mpira wa kona hutumia siri hiyo hiyo.

Lakini zoezi hilo ni kwa waliokomaa. Kabla ya kufunzwa kuruka, mchezaji afunzwe kutua. Atue kimya, juu ya nyayo zote, magoti yamekunjwa, yakielekea zilipo ncha za vidole vya miguu. Magoti yanayoingia ndani kama ya mtu aliyebanwa na baridi ndiyo yanayokatika kano. Akishaweza kutua, aruke kwa miguu miwili mbele, kisha kwa mguu mmoja, kisha juu ya viunzi vifupi vya fito. Kwa anayeanza, mitua 80 kwa siku inatosha, mara moja au mbili kwa juma. Mahali pawe penye majani. Uwanja wa gwaride wenye lami au saruji ni adui wa magoti.

NGUVU

Wapo wanaoamini kwamba kuinua vyuma humfanya mcheza kabumbu awe mzito. Uchunguzi uliofanywa kwa wachezaji 17 wa Rosenborg ya Norway na kutangazwa mwaka 2004 ulionyesha kinyume: waliokuwa na nguvu kubwa ya kuchuchumaa na kuinuka na mzigo mabegani ndio waliokuwa wepesi zaidi katika meta 10 na 30, na ndio walioruka juu zaidi.

Vifaa si kizuizi. Mfuko wa mchanga wa kilo 20, bomba la chuma lenye makopo mawili yaliyojazwa saruji, na mwenzake wa kumbeba mgongoni vinatosha kuanzia. Mchezaji achuchumae na kuinuka. Apige hatua ndefu na kushusha goti la nyuma karibu na ardhi. Apande na kushuka kwenye kisanduku imara kwa mguu mmoja mmoja. Mzigo uongezwe kidogo kidogo kila juma, na mgongo ubaki umenyooka daima.

Zoezi moja halihitaji hata mfuko wa mchanga, nalo lawahusu wote wanaoogopa kuumia nyuma ya paja. Mchezaji hupiga magoti mahali laini, mwenzake humshika vifundo vya miguu kwa nguvu. Kisha hujishusha mbele polepole kadiri awezavyo, mwili umenyooka tangu magotini hadi kichwani, hata ashindwe na kujipokea kwa mikono. Mwaka 2011 yalitangazwa matokeo ya jaribio la Denmark lililohusu wachezaji 942 wa timu 50. Walioumia msuli huo katika timu zilizofanya zoezi walikuwa 15. Katika timu zisizofanya, 52. Juma la kwanza inatosha kufanya mafungu mawili ya mara tano, siku moja tu, kwa maana anayeanza kwa pupa huamka kesho yake hawezi kushuka kitandani.

Hata kupasha mwili moto kuna faida yake ikiwa kunafanywa kwa utaratibu. Shirikisho la kabumbu duniani, FIFA, lilitoa mpango wa dakika 20 wenye mbio nyepesi, mazoezi ya nguvu, ya kusimama kwa mguu mmoja na ya kutua. Nchini Norway ulijaribiwa kwa wasichana 1,892 wa miaka 13 hadi 17, na matokeo ya mwaka 2008 yalionyesha kwamba majeraha makubwa yalipungua karibu nusu. Mjini Lagos, Nigeria, ulijaribiwa kwa vijana wa kiume 416, na kwa matokeo ya mwaka 2014 majeraha yalipungua kwa asilimia 41. Kwa hiyo wazazi wenye watoto wanaocheza mpira nyuma ya kota nao wana la kuuliza kwa mwalimu wa shule.

LINDO, CHAKULA NA USINGIZI

Ikiwa mechi ni Jumapili, Jumatatu iwe ya kupumzika. Jumanne yafaa kwa nguvu na mpira mwepesi, Jumatano kwa mbio fupi na miruko, Alhamisi kwa michezo midogo ya mpira. Ijumaa wakimbie mbio chache sana za kuzindua miguu, na Jumamosi wasichoke. Msimu ukiwa umepamba moto, siku moja ya nguvu kwa juma inatosha kulinda nguvu zilizojengwa kabla ya ligi kuanza.

Lakini ratiba nzuri yaweza kuvunjwa na orodha ya zamu. Mchezaji aliyekesha lindo, kisha akaamriwa alfajiri kukimbia kwa kasi kamili, yumo hatarini. Misuli isiyolala hukawia kutii. Yafaa mwalimu na afisa wa zamu wakae pamoja mara moja kwa juma, na aliyetoka lindo apewe siku hiyo mazoezi ya kugusa mpira tu. Hilo si upendeleo. Askari aliyeumia paja hulala majuma kadhaa, na hapo timu na kikosi hukosa mtu mmoja yule yule.

Nyumbani nako kuna kazi. Maharage na posho, matoke na njugu, mukene, mayai, mchicha na maziwa ni chakula kamili cha kujenga misuli. Vyakula vya kopo vyenye picha ya mtu mwenye kifua si lazima. Mlo wa siku ya mechi uliwe saa tatu hivi kabla ya mchezo, na maji yanywewe tangu asubuhi. Mke asimwone mumewe mvivu akilala mchana baada ya mazoezi, maana misuli hujengeka mtu akiwa amelala. Na pale ambapo mchezaji ni mke, haki ni ile ile: aliyetoka uwanjani asipokewe na ndoo ya nguo zisizofuliwa.

PA KUANZIA

Timu inayotaka kubadili mwendo haihitaji kungoja fedha. Jumatano ijayo mwalimu apime meta 20 kwa hatua, achome vijiti viwili, na aandike katika daftari muda wa kila mchezaji pamoja na kimo anachofikia kwa kuruka penye ukuta. Kisha aache mizunguko ya adhabu kwa majuma manane, afuate mbio fupi, miruko na nguvu kwa kipimo, na apime tena mahali pale pale. Daftari litamwonyesha ni nani aliyeongeza kasi. Likionyesha kwamba hakuna, atakuwa na haki ya kurudia mizunguko yake.