Kisamvu au Sombe

Kati ya dakika 40 za somo langu la majaribio, 26 nilizungumza mimi. Mkufunzi alikaa nyuma na saa yake, akazihesabu bila huruma. Somo la majaribio ni somo la kweli, ila anayesahihishwa ni mwalimu.

Tulikuwa Ixelles, Brussels, karibu na Matonge, mtaa uliochukua jina la Matonge ya Kinshasa. Wanafunzi sita, watu wazima. Zoezi la uandishi lilikuwa jepesi: jikoni kwa mama palinukaje, bila kutumia neno "harufu". Kwenye andalio la somo nililitengea dakika tano. Uchoyo mtupu, kalamu zilipata moto dakika ya nne, nami nikapiga makofi: "Haya, tusome!"

Mama mmoja wa Bukavu alisoma kuhusu sombe ikitwangwa, kinu kikirusha maji ya kijani hadi kwenye kitenge cha mama yake. Nikamkatiza. "Kisamvu," nilimsahihisha, mimi mtoto wa Tanga. Majani ni yaleyale ya muhogo!

Alinitazama. "Mwalimu, mama yangu hakutwanga kisamvu." Wenzake wakacheka. Yeye akafunga daftari.

Usiku, kwenye sehemu ya tathmini ya andalio, niliandika "somo limeeleweka", kama tulivyozoea chuoni. Nikafuta. Nikaandika: sombe, kitenge, daftari limefungwa.

Jumanne nina kipindi cha pili. Dakika 15 za kuandika, mimi kimya. Nimemwomba mama wa Bukavu aanze yeye, palepale nilipomkatiza. Amesema ataona.