Unyanyapaa Dhidi ya Wagonjwa wa Akili na Waraibu Jijini Kigali

Unyanyapaa ni tabia ya jamii kumdharau, kumwogopa na kumtenga mtu kwa sababu ya ugonjwa wake. Jijini Kigali unabebwa hata na jina la hospitali. Ndera, iliyoanzishwa mwaka 1968 wilayani Gasabo, ilikuwa kwa miaka mingi tegemeo kuu la wagonjwa wa akili nchini Rwanda. Mitaani, kumwambia mtu aende Ndera ni kumtukana.

Utafiti wa kitaifa wa 2018 ulibaini kuwa asilimia 20.5 ya watu walikuwa na angalau tatizo moja la afya ya akili. Kwa manusura wa mauaji ya kimbari ya 1994, kiwango kilifikia asilimia 52.2. Asilimia 61.7 ya waliohojiwa walijua pa kutibiwa, lakini waliowahi kwenda ni asilimia 5.3 tu. Unyanyapaa si kizuizi pekee, lakini ni kizito.

Ugonjwa wa akili hudhaniwa kuwa uchawi au mapepo. Mgonjwa huanzia kwa mganga au kwenye maombi, akafika hospitali akiwa amezidiwa. Wengine hufichwa ndani, ndugu wakihofia ukoo kuonekana una kichaa na mabinti kukosa wachumba.

Mraibu naye haonewi huruma. Anayevuta bangi au kunywa kanyanga, pombe haramu ya kienyeji, huitwa mhalifu, na kwa kuwa sheria ya 2018 inaruhusu kifungo kwa matumizi ya dawa za kulevya, huogopa kujitokeza. Ilhali uraibu ni ugonjwa, na mara nyingi huandamana na ule wa akili: mwenye kiwewe hunywa ili apate usingizi, na bangi huweza kuchochea saikosisi.

Aliyetibiwa akirudi nyumbani hukuta kazi imekwenda na majirani wanamkwepa. Huona aibu kumeza dawa mbele ya watu, akaziacha. Ugonjwa ukirudi, jamii husema hawa hawaponi.

Tiba ya akili sasa hutolewa pia katika hospitali za wilaya na vituo vya afya, na bima ya Mutuelle de Santé huigharimia. Kituoni, mgonjwa wa sonona hukaa benchi moja na mwenye malaria, na hakuna anayejua nani amefuata nini. Hilo hupunguza woga wa mgonjwa. Kubadili mtazamo wa jamii kunahitaji zaidi. Mwaka 2022, tume ya jarida la Lancet ilihitimisha kuwa njia yenye nguvu kuliko zote ya kupunguza unyanyapaa ni watu kukutana na waliowahi kuugua na kuwasikia wakijieleza wenyewe. Kwa hiyo waliopata nafuu wanastahili nafasi ya kwanza katika kampeni za afya, shuleni, kanisani, msikitini na kwenye mikutano ya mtaa.