Biblia ni Neno la Mungu: Twasadiki kwa Sababu Gani?

Masomo ya Misa yakiisha, msomaji atangaza ya kuwa ni Neno la Bwana, nasi sote twamshukuru Mungu. Twajibu upesi, kwa mazoea. Lakini mtu akitukuta nje ya kanisa na kutuuliza: «Wajuaje ya kuwa kitabu hiki kimetoka kwa Mungu? Si watu walioandika?», wengi wetu hunyamaza, ao hujibu tu: «Ndivyo tulivyofundishwa.» Jibu hilo si baya, lakini halitoshi kwa padri, wala kwa mfratri, wala kwa mkatekista. Mtume Petro ataka tuwe tayari siku zote kumweleza kwa upole ye yote anayetuuliza sababu ya matumaini yetu (1 Petro 3, 15).

Tuchukue mfano wa Masako. Ni fasi ya pori, kilomita 14 hivi kutoka Kisangani kwa barabara ya zamani ya Buta, pale mto Tshopo unapojikunja. Pori lenyewe limehifadhiwa tangu mwaka 1953, na ukubwa wake wapita hekta 2000. Wanafunzi na waalimu wa Univerisite ya Kisangani hufika huko kuchunguza miti ya limbali, ndege, na panya wa pori wa kila namna. Basi, mkatekista wa upande ule aweza kuulizwa na watu wa namna tatu. Mwanafunzi wa sayansi atamwambia: «Biblia yako haijui nyama wala mbegu.» Mwislamu wa Kisangani atamwuliza: «Kama ni neno la Mungu, mbona yasema ni kitabu cha Luka ao barua ya Paulo?» Na jirani aliyeingia kanisa la uamsho atamwambia: «Kila neno lililoandikwa tulitimize jinsi lilivyo, bila kuuliza.»

Watu hao watatu hawapatani hata kidogo. Hata hivyo wote watatu wadhani jambo moja: kwamba kitabu kikiwa cha Mungu, hakiwezi kuwa cha watu pia. Kosa liko papo hapo. Tukilifahamu hilo, tutaweza kumjibu kila mmoja wao.

I. Uvuvio si nini

Eklezya yaita uvuvio tendo lile la Roho Mtakatifu ambalo kwa ajili yake Maandiko ni Neno la Mungu. Kwanza tuondoe mawazo yasiyo sawa.

1. Uvuvio si kuandikishwa neno kwa neno, kama karani anayeandika barua ya bwana wake bila kuongeza wala kupunguza. Biblia yenyewe yakataa wazo hilo. Luka aeleza mwanzoni mwa Evanjili yake namna alivyochunguza mambo yote kwa uangalifu kabla ya kuyapanga. Mwandishi wa kitabu cha pili cha Wamakabayo asema kwamba alifupisha vitabu vitano vya Yasoni wa Kirene, na kwamba kazi hiyo ilimgharimu jasho na usiku bila usingizi. Mwishoni aomba radhi kama hakuandika vizuri. Tena Paulo, akiwaandikia Wakorinto, ataja aliowabatiza, kisha akumbuka jamaa nyingine, halafu akiri kwamba hajui kama alimbatiza mtu mwingine (1 Wakorinto 1, 14-16). Je, Mungu aweza kusahau? Hapana. Paulo ndiye aliyesahau, na Roho Mtakatifu alimwacha aseme wazi kwamba hakumbuki.

Hapa twaona tofauti kati yetu na Waislamu. Wao wasadiki kwamba Kurani iliteremshwa neno kwa neno, na Mtume wao aliipokea tu. Tuheshimu imani yao, lakini tusijibu kana kwamba sisi twasadiki vilevile juu ya Biblia. Kwetu Neno la Mungu kwanza si kitabu. Ni Mwana wa Mungu aliyetwaa mwili, na kitabu chamshuhudia yeye.

2. Uvuvio si kibali kilichotolewa baadaye. Wengine walisema: watu waliandika kwa nguvu zao wenyewe, kisha Eklezya ikavipenda vitabu hivyo ikavitakasa. Konsili ya kwanza ya Vatikano ilikataa mafundisho hayo mwaka 1870. Eklezya haiwezi kukifanya kitabu cha mtu kuwa cha Mungu. Yaweza tu kutambua kile ambacho Mungu amekifanya.

3. Uvuvio si moto wa moyo tu, kama ule wa mtunga nyimbo ao wa mhubiri hodari. Vitabu vingi vyachoma moyo, hata vya watakatifu, navyo si Biblia. Kinyume chake, orodha za majina katika kitabu cha Hesabu hazimchomi mtu moyo, lakini ni Maandiko Matakatifu.

II. Uvuvio ni nini

Papa Leo XIII, katika barua yake ya mwaka 1893, alifundisha kwamba Roho Mtakatifu aliwasukuma waandishi waandike, akawasaidia waelewe vema katika akili yale aliyotaka, wakubali kwa nia yao kuyaandika kwa uaminifu, na wayatamke kwa namna inayofaa. Akili, nia, na mkono: hakuna kilichobaki nje ya tendo la Mungu, na hakuna kilichoharibiwa nalo. Konsili ya pili ya Vatikano ilikaza mafundisho hayo tarehe 18 Novemba 1965 katika andiko liitwalo Dei Verbum: Mungu ni mtunzi wa Maandiko, na watu aliowachagua ni watunzi wa kweli pia.

Zamani Athenagora, mwandishi mkristu wa karne ya pili, alimfananisha nabii na filimbi inayopulizwa na mpiga filimbi. Sisi wa mto Kongo twaweza kutumia mfano wa lokole, lakini tuutumie vema. Mwandishi mtakatifu si lokole, kwa maana lokole ni mti tu, haina akili. Yeye afanana zaidi na mpiga lokole. Chifu ampa habari: fulani amekufa, watu waje. Lokole ina sauti mbili tu, moja ya juu na moja ya chini. Kwa hiyo mpigaji wa Walokele hawezi kupiga neno moja likafahamika, sababu maneno mengi yana sauti zilezile. Shurti alirefushe: akitaka kutaja mwezi, ataongeza kwamba ni ule unaotazama chini duniani. Achagua maneno kadiri ya ufundi aliojifunza kwa wazee wake. Na wenye kusikia ng'ambo ya mto wasema: «Chifu atuita.» Hawasemi: «Mpigaji atuita.» Habari ni ya chifu kweli, na ufundi ni wa mpigaji kweli.

Tena mgeni asiyejua desturi za lokole akitafsiriwa maneno hayo marefu moja moja, atapotea. Vivyo hivyo msomaji asiyejua kwamba Biblia ina mashairi, mifano, sheria, habari za wafalme na barua, na ya kuwa kila namna ina desturi yake. Ndiyo sababu Papa Pio XII, mwaka 1943, aliwahimiza wataalamu wachunguze namna za kuandika za watu wa kale.

Mfano wetu una mpaka wake. Chifu hawezi kuingia ndani ya akili ya mpigaji, na mpigaji aweza kukosea ao kudanganya. Lakini Mungu, aliyeumba akili na uhuru wetu, aweza kutenda ndani yake bila kuuvunja uhuru huo.

III. Kwa nini twasadiki

Wengine wasema: «Biblia ni ya Mungu kwa sababu Biblia yasema hivyo.» Wataja 2 Timoteo 3, 16 na 2 Petro 1, 21. Maneno hayo ni ya kweli, nasi twayapokea. Lakini kwa mtu asiyesadiki bado, huko ni kuzunguka mahali pamoja: kitabu cho chote chaweza kujisifu hivyo. Njia ya Eklezya ni nyingine, nayo ina hatua tatu.

Hatua ya kwanza: twachukua Evanjili kama ushuhuda wa watu walioishi kati ya mambo yale ao waliowasikia walioyaona. Zatuonyesha Yezu wa Nazareti, maneno yake, matendo yake, kifo chake, na mashahidi wa ufufuko wake waliokubali kuteswa kwa ajili ya ushuhuda huo. Hatua ya pili: Yezu huyo aliyapokea Maandiko ya Israeli kama maneno ya Mungu, asema kwamba Daudi alinena katika Roho (Mateo 22, 43). Tena aliwatuma Mitume kufundisha mataifa yote, akawaahidi kuwa pamoja nao na kuwapa Roho wa kweli. Hatua ya tatu: Eklezya, iliyosimama juu ya Mitume hao, yatukabidhi vitabu hivi na kutuambia: hivi ndivyo.

Bila hatua ya tatu, hata orodha ya vitabu hatuna. Hakuna ukurasa wa Biblia unaohesabu vitabu vyake. Na hapa Mwafrika asione kwamba apokea mali ya wageni. Atanasio, askofu wa Aleksandria, ndiye aliyeandika mwaka 367 orodha ya vitabu 27 vya Agano Jipya kama tulivyonavyo leo. Maaskofu wa Afrika ya Kaskazini walitaja vitabu vya Biblia nzima katika mikutano ya Hipona mwaka 393 na Kartago mwaka 397, na Tobia, Yudita na Wamakabayo walikuwa ndani. Konsili ya Trento ilitangaza orodha hiyohiyo mwaka 1546. Naye Agostino, askofu wa Hipona, alikiri kwamba asingeiamini Evanjili kama asingesukumwa na mamlaka ya Eklezya katolika.

Sababu hizo zatayarisha njia. Kusadiki kwenyewe ni neema. Roho yule aliyewavuvia waandishi ndiye afunguaye moyo wa msikilizaji.

IV. Sungura, haradali na siku sita

Sasa tumjibu mwanafunzi wa sayansi. Yeye ajua kwamba sungura hacheui, lakini kitabu cha Walawi (11, 6) chamweka kati ya nyama wanaocheua. Ajua kwamba ziko mbegu ndogo kuliko haradali, hata za kufanana na vumbi, lakini Yezu aitaja haradali kama mbegu iliyo ndogo kuliko zote. Ajua kwamba dunia haikufanyizwa kwa siku sita.

Tusimkatalie aliyoyaona kwa macho yake. Agostino alikwisha kuonya kwamba mkristu anayesema upuzi juu ya mbingu na nyota, akidai ni Maandiko, awafanya wasiosadiki wayacheke Maandiko yenyewe. Mwandishi wa Walawi asema jinsi watu wa kwake walivyoona: mdomo wa sungura watembea kama wa mwenye kucheua. Hataki kufundisha elimu ya nyama. Ataka kuwafundisha Waisraeli kwamba ni watu wa Mungu hata mezani. Yezu ataja mbegu ambayo wakulima wa Galilaya waliizoea, apate kuonyesha ukuu wa Ufalme unaoanza kwa udogo. Na sura ya kwanza ya Mwanzo, kwa utaratibu wa juma la Waebrania, yafundisha kwamba vyote vimeumbwa na Mungu mmoja, kwamba ni vyema, na kwamba mtu ni mfano wake. Dei Verbum yasema ni ukweli wa namna gani Maandiko yafundisha bila kosa: ule ambao Mungu alitaka uandikwe kwa ajili ya wokovu wetu.

V. Andiko lisitumiwe kumtesa mtoto

Jibu la tatu lina uzito kupita yote, kwa kuwa uzima wa watu waingia humo. Katika miji ya Kongo, na Kisangani mmojawapo, watoto wameshitakiwa uchawi, wakafungiwa kwa maombi na njaa, wakapigwa, wakafukuzwa nyumbani. Na wako wahubiri waliofungua kitabu cha Kutoka, sura ya 22, penye sheria ya kale juu ya wachawi, wakasema: «Mungu ndiye aliyeandika.»

Tumjibu mtu wa namna hii bila woga. Andiko hilo limevuviwa, lakini Roho hakuvuvia mstari mmoja peke yake. Alivuvia Maandiko yote, na yote yaelekea Kristu. Dei Verbum yakiri kwamba vitabu vya Agano la Kale vina mambo yasiyo kamili na ya kitambo, kwa kuwa Mungu alilea taifa lake polepole, kama mzazi amleavyo mtoto. Wanafunzi walipotaka moto ushuke juu ya kijiji cha Wasamaria, Yezu aliwakaripia. Walipouliza ni nani aliyetenda dhambi hata mtu yule akazaliwa kipofu, alikataa kuwashitaki yeye na wazazi wake. Naye amkwazaye mdogo mmoja, yafaa atupwe baharini na jiwe shingoni. Kwa hiyo mwenye kushika mstari wa Kutoka na kumtupa mtoto njiani hamtii Mungu mwandishi wa Biblia. Avunja pia sheria ya nchi ya tarehe 10 Januari 2009, inayomwadhibu anayemshitaki mtoto uchawi.

VI. Mashauri machache

Ninyi wakatekista, msiogope swali. Mkiulizwa juu ya mstari mmoja, someni kwanza sura nzima, kisha mwulize: ni namna gani ya maandiko? Mwandishi alitaka kuwafundisha nini watu wake? Kristu ameutimizaje? Eklezya yausomaje? Mkikosa jibu, semeni mtamwuliza padri, na kweli mmwulize. Agostino mwenyewe alimwandikia Yeronimo kwamba akikuta katika Maandiko neno linaloonekana kupinga ukweli, adhani ama nakala ina kosa, ama mfasiri hakuelewa, ama yeye mwenyewe hakufahamu.

Nanyi wafratri, jifunzeni Maandiko kwa akili na kwa magoti pamoja. Mkatekista wa porini atawaletea maswali ya wakristu wake, na nyuma ya swali lingine atakuwako mtoto aliyefungiwa ndani ya nyumba, akingoja jibu lenu.