Kenchi zilizovalishwa vikofia

Kigamboni, boma lisilo na bati si habari. Hili nilisimama kulitazama kwa sababu ya ncha zake. Kenchi zote zimeshapigwa, na kila ncha inayotokeza nje ya ukuta imevalishwa kikofia kilichokatwa kwenye debe kuukuu la mafuta. Mbao yenyewe, urefu wake wote, imeachwa inyeshewe.

Fundi aliyevipigilia kazi yake imesimama hapo. Hela ya bati ya mwenye nyumba ilimezwa na ada za shule za Januari, Machi masika yakaingia. Nikamuuliza kwa nini asifunike paa zima kwa turubai. Akacheka. "Hilo ni tanga, kaka. Upepo ukiingia chini yake, unaondoka na kenchi." Na hata likitulia, huufungia unyevu ndani, mbao ikavunda. Mbao iliyo wazi hulowa, jua likitoka hukauka.

Kinachomnyima usingizi ni ncha. Pale msumeno ulipopita, nyuzi za mti zimebaki wazi, na mbao hunywa maji kwa mdomo huo upesi kuliko ubavuni. Tena kenchi imelala mteremko, kwa hiyo maji hushukia huko huko. Hata mbao za dawa, zile za kijani, kila anapozikata hupaka dawa upya kwenye mkato, maana ya kiwandani mara nyingi haifiki kiini. Kikofia hakigusi mkato: ameacha upenyo wa kidole hewa ipite, na ukingo wa chini ameukunja kwa nje, tone lidondoke mbali. "Ncha ikioza," ananiuliza, "faisha bodi utaipigilia wapi?"

Bati chache zilizokwisha kununuliwa zimo chumbani kwa jirani, zimeegemezwa ukutani, katikati yake vipande vya mbao. Zikilazwa zimebanana, maji yakipenya hayatoki, na bati mpya huota unga mweupe kabla haijaona paa. Wenye nyumba wengi huligundua hili siku ya kupaua.

Kila mvua kubwa ikikatika, fundi hupita kukagua. Halipwi kwa hilo, na salio lake linangoja bati zote zipigwe. Analinda kazi yake au deni lake? Na bati zisipopatikana hadi masika ya mwakani? Hilo hakulijibu. Aliuliza kama namfahamu mtu mwenye madebe makuukuu, kwa sababu upande wa jikoni bado ncha nne.