Chumba kidogo chalisha jumba kubwa Singapore

MGENI anayefika ghuba ya Marina, nchini Singapore, huona kitu mfano wa meli iliyokwama juu ya maghorofa. Hiyo ni bustani yenye urefu wa mita 340, iliyolazwa juu ya minara mitatu ya ghorofa 55 kila mmoja. Huko juu, karibu mita 200 kutoka ardhini, kuna bwawa la kuogelea la mita 150, na wanaoruhusiwa kuoga humo ni wageni waliolala hotelini tu.

Jumba hilo ni Marina Bay Sands. Lilibuniwa na msanifu Moshe Safdie na kufunguliwa mwaka 2010, kwa gharama iliyozidi Dola za Marekani bilioni 5. Mbali na hoteli, lina kumbi za mikutano, jumba la makumbusho lenye umbo la yungiyungi, na maduka ya fahari yanayopitiwa na mfereji ambamo wateja hupanda mashua.

Kasino yenyewe mpita njia haioni. Serikali iliiwekea mpaka: eneo la kamari lisizidi mita za mraba 15,000, yaani chini ya asilimia 3 ya sakafu yote. Hata hivyo, sehemu hiyo ndogo ndiyo inayoingiza zaidi ya nusu ya mapato ya jumba. Bwawa huvuta watalii na mikutano hujaza vyumba, lakini mezani ndiko kwenye faida.

Singapore ilizuia kasino kwa miaka mingi. Mwaka 2005 serikali ya Waziri Mkuu Lee Hsien Loong iliruhusu mbili, licha ya upinzani mkali wa raia na viongozi wa dini, kwa sharti kwamba kila moja iwe ndani ya mradi mkubwa wa utalii. Kampuni ya Las Vegas Sands ilishinda zabuni ya Marina mwaka 2006. Mtikisiko wa fedha wa 2008 nusura uiangushe, hadi mwenyekiti wake, Sheldon Adelson, na familia yake walipoingiza fedha zao.

Faida hiyo inalindwa pia na uhaba wa washindani. Leseni ni mbili tu, ya pili ikiwa kisiwani Sentosa, na serikali iliahidi kutoongeza nyingine hadi mwisho wa 2030.

Mlangoni wateja hawapokewi sawa. Mgeni mwenye pasipoti ya nje huingia bure. Raia na mkazi wa kudumu hulipa Dola 150 za Singapore kwa saa 24, au 3,000 kwa mwaka. Kabla ya 2019 kiingilio kilikuwa 100 na 2,000. Ndani hakuna mashine za kutolea fedha. Familia inayoumia kwa kamari ya mmoja wao inaweza kuomba azuiwe kuingia.

Wakosoaji husema aliyelipa kiingilio huketi muda mrefu zaidi akitaka kukirudisha. Hoja hiyo ina uzito, kwani anayepoteza mshahara mezani hupunguza chakula nyumbani.

Mwaka 2025 ujenzi wa upanuzi wa Dola za Marekani bilioni 8 ulizinduliwa, ukiwa na mnara mwingine na ukumbi wa watu 15,000. Mwekezaji atapata nafasi zaidi ya kamari, lakini serikali bado ndiyo inayopanga nani aingie na kwa bei gani.