MLOKOLE WA ZIPU AU MLOKOLE WA VITENDO?

Hebu nikuulize. Umeshawahi kupanda daladala ukakaa jirani na mtu aliyekumbatia Biblia ya zipu, halafu ghafla akamporomoshea konda matusi kwa ajili ya chenji ya shilingi mia? Mie nimeshakutana naye. Abiria tukabaki midomo wazi. Konda akamjibu taratibu tu, "Kumbe ndiyo wokovu wenyewe huu, sista?"

Swali la konda lilikuwa zito kuliko mahubiri ya saa mbili. Washkaji zako wengi hawatafungua Biblia hata siku moja. Wanakusoma wewe!

TWENDE MBULU

Ukitaka mfano hai, achana na jiji kidogo twende Manyara. Chini ya Mlima Hanang kuna Ziwa Balangida, ziwa la maji ya chumvi. Yesu aliwafananisha wafuasi wake na chumvi hiyohiyo, na sababu inaeleweka. Chumvi haipigi kelele, lakini ikikosekana kwenye mboga kila aliyeko mezani anajua.

Sasa vuka uende wilaya ya jirani, Mbulu, mpaka Haydom. Mwaka 1955 wamisionari wa Kilutheri kutoka Norway walifungua hospitali hapo, porini hasa. Mwaka 1961 akaja daktari Evjen Olsen na mkewe Kari. Hawakuja kupiga picha na kuondoka. Walikaa miaka na miaka, na mtoto wao, Øystein, naye akaja kuiongoza hospitali hiyohiyo. Leo iko chini ya KKKT, Dayosisi ya Mbulu. Mwiraqw, Mdatoga, Mhadzabe, anayesali na asiyesali, wote wanapitia mlango mmoja.

SEMINA MOJA HAITOSHI

Hapa ndipo pana utamu. Wakunga wa Haydom walipewa mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga anayezaliwa bila kupumua. Kwenye mtihani wa mwanasesere walifanya vizuri sana. Walipochunguzwa kazini, mambo yalikuwa yaleyale ya zamani!

Wakabadili mbinu. Kuanzia 2011 mwanasesere akawekwa palepale wodini, na mkunga akawa anafanya mazoezi ya dakika chache tu, mara kwa mara. Basi vifo vya watoto ndani ya saa 24 za kwanza vikashuka kutoka 11 hivi hadi 7 hivi kwa kila watoto 1,000. Somo hilo likasambaa mpaka vituo 30 katika mikoa 5 nchini. Matokeo yalipochapishwa 2025, vifo vya vichanga vya siku ya kwanza vilikuwa vimepungua kwa asilimia 40 hivi.

Umeipata hiyo? Mkutano wa injili wa siku moja ni kama ile semina. Unalia, unanyoosha mkono, unarudi home umechangamka. Jumatatu bosi anakuudhi na unarudia yaleyale. Wema nao unataka mazoezi ya dakika chache kila siku.

ANZA NA HAYA

Rudisha chenji iliyozidi. Umbea ukifika kwako, uishie hapohapo. Rafiki akilewa, mfikishe kwao salama na usimtangaze kesho yake. Ukikosea, omba radhi mbele ya walewale waliokuona ukikosea. Na usimhubirie mtu mwenye njaa kabla hujamnunulia hata chapati.

Usidhani ni mambo madogo. Jumapili ya Desemba 3, 2023, tope na mawe viliporomoka kutoka Mlima Hanang vikaufunika mji wa Katesh na vijiji vya jirani. Watu zaidi ya 80 walikufa. Tope halikuuliza dhehebu la mtu. Siku kama hiyo hakuna nafasi ya kuanza kujifunza huruma. Unatoa ile uliyokuwa ukiizoea siku zote.

Kwa hiyo, wewe wa Biblia ya zipu, hatujakuchukia. Ila kesho ukipanda daladala, konda atakuwa palepale mlangoni, na abiria nao watakuwepo. Mpe nauli yake, mpe na tabasamu.

Jumapili njema!