Mtihani wa historia ya Marekani: msigawane sura, fuateni pamba

Kila ikikaribia Mei napata barua za vijana waliohamia Marekani na wazazi wao. Wamepangiwa darasa la historia, wamekabidhiwa kitabu kinene kama tofali, na swali lao ni lile lile: huu mtihani unasomwaje jamani? Haya, leo najibu. Sisi tuliufanya watu wanne, Lowell, Massachusetts, na njia tuliyotumia naiamini mpaka kesho.

Kwanza mjue mnapambana na nini. Mtihani unaitwa AP U.S. History, unatungwa na College Board, na alama ni 1 hadi 5. Ukipata 3 na kuendelea vyuo vingi vinaweza kukuhesabia kozi, ingawa vingine vinataka 4 au 5. Kwa nyumba ambayo mama anafanya kazi mbili, kozi ya chuo usiyoilipia si mchezo. Kuna maswali 55 ya kuchagua kwa dakika 55, maswali mafupi matatu, insha moja, halafu kuna lile linalotoa watu jasho, swali la nyaraka. Unapewa nyaraka 7, yaani barua, hotuba, katuni, majedwali, na saa moja ujenge hoja. Hilo peke yake lina asilimia 25. Tangu Mei 2025 yote yanafanyika kwenye kompyuta, kwa hiyo mazoezi nayo fanyeni kwa kuchapa.

Sasa Mbongo aliyezoea kukariri ndipo anapoumia. Hakuna anayekuuliza vita vilianza lini basi. Anauliza kwa nini, na kipi kilibadilika. Makundi mengi ya diskasheni yanagawana sura: wewe chukua ya 4, mimi ya 5, tukutane Jumamosi. Matokeo yake kila mtu anajua kipande chake, na kamba inayofunga vipande hakuna aliyeishika. Sisi tuliamua kuchagua kitu kimoja na kukifuata sura hadi sura. Tukachagua pamba, maana Lowell yenyewe imejengwa na viwanda vya nguo tangu miaka ya 1820 na majengo yake bado yapo.

Tulikuwa hivi: mimi wa Tanga, Mkambodia mmoja (Lowell wamejaa, wazazi wao walikimbia vita na Khmer Rouge), dada mmoja Mmarekani mweusi ambaye ukoo wake ulitoka Georgia, na kijana wa Kizungu, mzaliwa wa pale pale. Sheria ilikuwa moja. Ukisema jambo, mwenzako anauliza "kwa sababu gani?" mpaka uishiwe.

Tukaanza na Eli Whitney na mashine ya kuchambua pamba, 1793. Mtu angedhani mashine inapunguza kazi ya watumwa. Wapi! Kuchambua kukawa rahisi, kulima kukalipa, mashamba yakasogea magharibi hadi Alabama na Mississippi. Mwaka 1790 watumwa walikuwa karibu laki 7. Mwaka 1860 walikuwa karibu milioni 4, na pamba ilikuwa zaidi ya nusu ya thamani ya kila kitu Marekani ilichouza nje.

Hapo moto ukawaka. Yule kijana akasema vita ya 1861 ilikuwa juu ya haki za majimbo, na tena Massachusetts ilikuwa upande safi. Yule dada hakupandisha sauti. Alifungua matamko ya majimbo yenyewe yaliyojitenga. South Carolina, Desemba 1860, inalalamika kwamba majimbo ya kaskazini yanakataa kurudisha watumwa waliotoroka. Yaani inalalamika kaskazini kutumia hizo hizo haki za majimbo! Mississippi, Januari 1861, inasema mapema kabisa kwamba msimamo wake umefungamana na utumwa. Kisha akamgeukia: na pamba iliyosokotwa hapa Lowell unadhani alivuna nani? Bibi zake. Charles Sumner, mwanasiasa wa Massachusetts huyo huyo, aliliona hilo mwaka 1848 aliposhutumu ushirika wa mabwana wa viboko na mabwana wa vitambaa. Kijana alinyamaza, akaanza kuandika. Nilimheshimu kwa hilo, wengi wangebeba begi waondoke.

Mimi nikawaletea neno moja tu: merikani. Bibi zetu wa pwani waliita hivyo ile nguo nzito ya pamba isiyopaushwa, na jina linasema lilikotoka. Mwaka 1833 Edmund Roberts alitia saini mkataba wa biashara na Sayyid Said kule Maskati, na mwaka 1837 akaja Unguja konsuli, Richard Waters wa Salem, mji usio mbali na Lowell. Meli zilileta nguo, zikarudi na sandarusi na pembe za ndovu. Pembe nyingi ziliishia Connecticut, zikawa vibao vya piano. Bara, merikani ilikuwa kama fedha: hongo ya watemi na posho ya wapagazi vililipwa kwa nguo. Na tusijitoe sisi, maana Unguja hiyo hiyo ilikuwa na soko la watumwa mpaka 1873.

Vita ilipoanza, pamba ya kusini ikafungiwa bandarini na viwanda vikakosa malighafi. Uingereza ikakimbilia pamba ya India na Misri, na Unguja merikani ikaadimika, nguo za Kiingereza na za Kihindi zikachukua nafasi. Yule Mkambodia ndiye aliyeunganisha: kumbe risasi za Fort Sumter zilifika hadi kwenye mzigo wa mpagazi Tabora.

Kwenye karatasi hii inalipaje? Swali la nyaraka lina alama 7, na moja ni ya ushahidi usiomo kwenye nyaraka ulizopewa. Kama swali linahusu uchumi wa kabla ya vita, sentensi mbili za merikani zinatosha, ila zifungwe kwenye hoja. Swali likiwa la New Deal, Unguja iacheni ipumzike. Pamba ikiisha chukueni reli, halafu haki ya kupiga kura, kuanzia Marekebisho ya 15 ya 1870 hadi sheria ya 1965. Pasti pepa fanyeni kwa saa mkononi, kila mmoja peke yake, kisha mbadilishane msahihishane bila huruma.

Mwenye bibi anayekumbuka merikani iliuzwaje dukani, amuulize leo kisha aniandikie hapo chini.